Maneno ya kortini ya Kiingereza: yanayoangusha watu ni yale wanayodhani wanayajua

Kuna dada kaniandikia swali, nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nimeanza ukalimani na wiki ijayo naingia kwenye kesi ya jinai inayosikilizwa kwa Kiingereza. Nimekariri orodha ya maneno kama mia mbili, habeas corpus na mens rea zote ninazo kichwani, lakini nikiangalia video za kesi napotea kabisa. Guilty na liable si kitu kimoja? Convicted na sentenced je? Na kwa nini jaji akisema sustained wakili anabadilisha swali? Nianzie wapi?"

Marahaba dada yangu, na hongera kwa kazi mpya. Nitakujibu kwa urefu kidogo maana hili jambo nalijali sana, mtu akitafsiriwa vibaya mahakamani anaweza kupoteza uhuru wake au mali yake na asijue hata ilikuwaje.

Hiyo orodha yako usiitupe, ila Kilatini sio kitakachokuangusha. Ukisikia habeas corpus, yaani amri ya kumleta aliyezuiliwa mbele ya mahakama, au mens rea, yaani nia ya kutenda kosa, unajua papo hapo kwamba hilo ni neno la kigeni, utasimama, utauliza, utafungua kamusi. Yatakayokuangusha ni yale maneno mepesi uliyosoma darasani, "sentence", "party", "execute", "brief", "charge", "prejudice", maana ukiyasikia kichwa kinakupa jibu haraka hata kabla hujajiuliza. "Party" kortini sio sherehe wala chama, ni upande mmoja wa kesi. "The document was executed on Friday" haina kunyongwa ndani yake, ni kwamba hati ilitiwa saini kwa utaratibu wa kisheria siku ya Ijumaa. Na "charge" unaijua kama shtaka, sawa, lakini Marekani ukisikia "the judge charged the jury" usije ukasema jaji aliwashtaki wazee, yaani wale raia wa "jury" wanaoamua kesi, maana yake jaji aliwapa maelekezo ya sheria kabla hawajaenda kujadiliana.

Hilo la "prejudice" ngoja nikae nalo kidogo. Mama mmoja aliwahi kuniletea karatasi ya mahakama pamoja na tafsiri aliyofanyiwa na mtu, kesi yake ya madai ilikuwa imeandikwa "dismissed without prejudice" na kwenye tafsiri ikasomeka "imetupiliwa mbali bila chuki". Akaelewa kwamba amekataliwa ila kwa upole, hajachukiwa na mtu, basi akakunja karatasi akaiweka kabatini. Kumbe maana yake ni kwamba kesi imeondolewa lakini haki yake ya kuifungua upya haijaguswa, angeweza kurekebisha kasoro na kurudi. Ingekuwa "with prejudice" ndo mlango umefungwa, dai lile lile huwezi kulirudisha tena. Alipokuja kwangu muda wa kisheria wa kufungua dai ulikuwa umeshapita. Neno moja tu, tena neno ambalo kila mtu anaona analijua. Na mawakili wanalo jingine la familia hiyo hiyo, barua ikiandikwa juu "without prejudice" maana yake tunazungumza kutafuta suluhu na haya tunayoyasema humu usiyapeleke kwa jaji kama ushahidi dhidi yetu.

Sasa uanzie wapi. Kabla ya neno lolote jiulize hii ni kesi ya jinai au ya madai, maana maneno karibu yote yanagawanyika hapo. Kwenye jinai dola ndo inashtaki, "prosecution" ni upande wa mashtaka na "defendant" au "accused" ni mshtakiwa. Kwenye madai mtu anamdai mtu, "plaintiff" ni mdai, na "defendant" yule yule hapa ni mdaiwa. Ukimwita mdaiwa "mshtakiwa" umeshampaka uhalifu ambao hakuna aliyemtuhumu nao. Halafu uangalie na nchi, Uingereza na Wales waliacha neno "plaintiff" kwenye kesi za madai mwaka 1999 zilipoanza kanuni mpya za mwenendo wa madai, sasa wanasema "claimant", lakini Marekani bado ni "plaintiff" mpaka leo.

Hapo ndo tunapata jibu la guilty na liable, na hapana, sio kitu kimoja. "Guilty" ni ya jinai, "liable" ni ya madai, yaani sheria inamwona anawajibika kwa hilo jambo na mara nyingi atalipa. Mfano unaoeleweka haraka ni kesi za O.J. Simpson, nyota wa zamani wa mpira wa Kimarekani, kule Marekani. Oktoba 1995 baraza la wazee lilisema "not guilty" kwenye mashtaka ya mauaji ya aliyekuwa mkewe na rafiki wa mwanamke huyo, akatoka huru. Februari 1997 baraza jingine, kwenye kesi ya madai iliyofunguliwa na familia za marehemu, likamwona "liable" kwa vifo vile vile na jumla ya alichotakiwa kulipa ikafika dola milioni 33.5. Watu wengi walidhani mahakama zimejipinga zenyewe, lakini hazikujipinga, zilikuwa zinajibu maswali mawili tofauti kwa mizani mbili tofauti. Ukikalimani wewe ukasema "amekutwa na hatia" kwenye hiyo ya pili utakuwa umekosea jambo zima. Sema amewajibishwa, au mahakama imeona anawajibika.

Na hizo mizani zenyewe zina mtego. Kwenye jinai ni "beyond reasonable doubt", kwenye madai ni "balance of probabilities", Marekani wanaiita "preponderance of the evidence", yaani ukiweka pande zote mbili kwenye mzani, upi una uwezekano zaidi wa kuwa kweli hata kama umezidi kidogo tu. Hiyo ya jinai sisi tumezoea kuitafsiri "pasipo kuacha shaka yoyote", na mimi nakuomba uifikirie mara mbili, maana hilo neno "yoyote" halimo kwenye Kiingereza. Wanasema shaka yenye sababu, shaka ya msingi, sio kila shaka inayoweza kupita kichwani mwa binadamu. Ukisema "yoyote" umepandisha kizingiti juu kuliko sheria ilivyokiweka, mi nasema "pasipo shaka ya msingi". Majaji wa Uingereza wenyewe siku hizi wanaikwepa hiyo sentensi, wanawaambia tu wazee kwamba lazima muwe na uhakika kwamba mshtakiwa ana hatia. Na mzigo wa kuthibitisha unabaki kwa mashtaka, hilo liliwekwa wazi kabisa mwaka 1935 kwenye kesi ya Woolmington, kijana aliyesema bunduki ilifyatuka kwa bahati mbaya ikamuua mkewe, jaji wa chini akawaambia wazee kwamba ni juu yake yeye kuthibitisha ilikuwa ajali, mahakama ya juu kabisa ikasema hapana, sio kazi yake, hukumu ikafutwa.

Nimetumia neno "wazee" kwa ajili ya "jury" na najua wengine wanapendelea kusema "jopo la mahakama" au kuliacha tu "juri". Chagua moja ushike hilo hilo mpaka mwisho wa kesi, ila angalia usimchanganye msikilizaji akadhani ni wazee wa baraza wanaomshauri jaji, hao kwa Kiingereza ni "assessors" na ni watu tofauti kabisa. Juri haishauri, juri inaamua. Uingereza wako 12 kwenye kesi ya jinai, Scotland ni 15. Wakishindwa kukubaliana wanaitwa "hung jury", na hapo hakuna aliyeshinda, kesi inaweza kuanza upya.

Twende na njia ya kesi ya jinai yenyewe maana ukiijua njia, neno utalikumbuka mahali pake. Mtu anakamatwa, "arrested", halafu anasomewa mashtaka, "charged". Kukamatwa sio kushtakiwa, watu wengi wanakamatwa wakaachiwa bila shtaka. Kwenye makosa makubwa kuna hati ya mashtaka inaitwa "indictment", na dada sikiliza hili, hiyo c haitamkwi, linatamkwa kama "inditement", na kwa mkalimani hiyo ni muhimu kuliko maana yenyewe kwa sababu kama unalijua kwa macho tu utalisikia kortini usilitambue. Siku ya kwanza ya kusomewa na kujibu ni "arraignment", jibu lake ni "plea". Mshtakiwa akisema "guilty" hapo anakiri kosa, akisema "not guilty" anakana, na kukana huko sio lazima adai kwamba hakufanya, anasema tu thibitisheni. Marekani kuna jibu la tatu, "no contest", sikatai wala sikiri, nipeni adhabu. Akisubiri kesi akiwa nje ana "bail", dhamana, akisubiri akiwa ndani yuko "on remand", mahabusu. Hapa tena usiseme "mfungwa", mahabusu hajahukumiwa bado.

Wakati wa kesi yenyewe, "trial", shahidi anaapishwa, na wakili aliyemleta anamuuliza kwanza. Uingereza hiyo hatua ni "examination-in-chief", Marekani ni "direct examination". Hapo haruhusiwi kuuliza "leading question". Watu wanadhani leading question ni swali gumu au swali la maana sana, hapana, ni swali linalobeba jibu lake ndani. "Ulimwona ameshika kisu, sivyo?" hilo linamlisha shahidi maneno. "Uliona nini?" hilo liko wazi. Wakili wa upande wa pili ataruka "objection", napinga, na jaji akisema "sustained" maana yake pingamizi limekubaliwa, kwa hiyo swali limekufa na wakili anatafuta namna nyingine, ndo maana unamwona anabadilisha. Akisema "overruled" pingamizi limekataliwa, shahidi ajibu. Usisikilize sauti ya jaji, wapo wanaoyasema yote mawili kwa sauti moja ya uchovu, sikiliza neno. Halafu upande wa pili ukisimama kumdodosa shahidi, "cross-examination", maswali ya kulisha yanaruhusiwa, tena ndo silaha yao kubwa.

Na hapa kuna hatari ambayo orodha yoyote ya maneno haitakwambia. Kiswahili chetu kina vijineno kama "si" na "eti" vinavyoingia mdomoni bila kuitwa. Wakili kauliza "where were you that night", wewe kwa mazoea ukasema "si ulikuwa nyumbani usiku ule?", umegeuza swali wazi kuwa swali la kulisha na hakuna mtu pale ndani atakayejua. Kinyume chake pia, wakili anamdodosa shahidi kwa makusudi, "you did not see his face, did you?", wewe ukamwonea huruma ukauliza "uliuona uso wake?", umemnyang'anya wakili silaha yake halali. Alafu lipo la ndiyo na hapana. Mtu wetu akiulizwa "hukuuona uso wake?" akajibu "ndiyo", anamaanisha ndiyo, sikuuona. Ukipeleka "yes" kwa Kiingereza wanasikia aliuona! Jibu moja hilo limeshageuza ushahidi wote wa utambuzi. Mimi siku zote hapo nampelekea mahakama jibu lake kama lilivyo halafu naomba ruhusa aulizwe tena kwa swali lisilo na kukanusha.

"Hearsay" utaisikia sana pia. Tunasema ushahidi wa kuambiwa, na wengi wanadhani ni chochote shahidi alichosikia kwa masikio yake, sio hivo. Shahidi akisema "jirani aliniambia alimwona mshtakiwa akiiba", na hayo maneno yanaletwa ili kuthibitisha kwamba kweli mshtakiwa aliiba, hiyo ni hearsay kwa sababu aliyeona hayupo mbele yetu kudodoswa. Lakini shahidi akisema "mshtakiwa aliniambia atanichoma moto", na kesi yenyewe ni ya vitisho, hayo maneno ndiyo kosa lenyewe, sio hearsay, shahidi aliyasikia yakitamkwa. Kuna milango kadhaa ya kuruhusu hearsay na kila nchi ina ya kwake, kazi yako wewe sio kuijua yote, kazi yako ni kutomaliza sentensi ya shahidi kabla ya pingamizi kuamuliwa.

Mwishoni inakuja "verdict", uamuzi wa hatia au la. "Acquitted" ni ameachiwa kwa kutokukutwa na hatia, "convicted" ni ametiwa hatiani. Angalia mahakama haisemi "innocent", inasema "not guilty", yaani mashtaka hayakuthibitishwa, na sisi kwa bahati mbaya tuna "hana hatia" inayobeba yote mawili, kwa hiyo kama shahidi au wakili akiyatofautisha inabidi uongeze maneno. Na hapa ndo nakujibu la convicted na sentenced. "Convicted" ni hatua ya kutiwa hatiani, "sentenced" ni hatua ya kupewa adhabu, na kati ya hizo mbili zinaweza kupita wiki nyingi. Neno letu "amehukumiwa" linazifunika zote mbili ndo maana watu wanachanganyikiwa, nakushauri uliweke pembeni kabisa, sema "ametiwa hatiani" kisha "amepewa adhabu". Adhabu zikiwa mbili sikiliza kama ni "concurrent", zinakwenda kwa pamoja, au "consecutive", moja ikiisha inaanza nyingine. Miaka mitano na mitano hapo inaweza kuwa mitano au kumi, na kuna mtu amekaa kizimbani anakutegemea wewe umwambie ni ipi.

Upande wa madai nitapita haraka maana kesi yako ni ya jinai kwa unavyoeleza. "Damages", yenye s, ni fidia ya pesa, "damage" bila s ni uharibifu wenyewe. "Injunction" ni amri ya zuio. "Settlement" ni kumalizana nje ya hukumu, sio makazi. "Tort" ni kosa la madai kama uzembe au kashfa.

Makosa yenyewe nayo yana majina ambayo Kiingereza cha mtaani kinayachanganya na korti haiyachanganyi. Wizi wa kawaida ni "theft". Ukitumia nguvu au vitisho ili uibe ni "robbery", unyang'anyi. Ukiingia kwenye jengo bila ruhusa kwa nia ya kuiba ni "burglary", na kwa sheria ya wizi ya Uingereza ya mwaka 1968 wala huhitaji kuvunja kitu, mlango ukiwa wazi ukapita kwa nia hiyo inatosha, kwa hiyo "kuvunja nyumba" haikai sawa sana. Kwa hiyo shahidi wa Kiingereza akisema "my house was robbed" ujue anaongea kimtaani. Vivyo hivyo "assault" kwa maana yake ya zamani ni kumfanya mtu aogope kwamba anapigwa sasa hivi, hata ngumi isipomgusa, ikimgusa ndo "battery", ingawa sheria nyingi siku hizi zinatumia assault kwa yote mawili, soma hati ya mashtaka ujue imetumikaje.

Unaweza kujiuliza kwa nini lugha yao ya sheria ni ngumu hivi. Ni historia. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na ya mahakama, na Kilatini kikawa cha kumbukumbu. Mwaka 1362 ilitungwa sheria kwamba kesi ziendeshwe kwa Kiingereza kwa sababu watu walikuwa hawaelewi kinachosemwa juu yao, lakini mawakili walishikilia Kifaransa chao, na kumbukumbu za Kilatini zilidumu hadi sheria ya 1730 iliyoanza kutumika 1733. Ndo maana "plaintiff", "verdict", "jury", "parole" yote yana damu ya Kifaransa, "verdict" ni kusema kweli, "parole" ni neno, yaani mfungwa anatoka kwa ahadi ya neno lake. Na ndo maana wana tabia ya kusema kitu kimoja mara mbili, "null and void", "cease and desist". Wewe usihangaike kutafuta maneno mawili ya Kiswahili, batili ni batili, acha mara moja inatosha.

Wiki ijayo basi fanya hivi. Omba hati ya mashtaka mapema, isome kwa sauti, kila neno lenye maana ya mtaani lipigie mstari hata kama unalijua. Ukikaa pale, shahidi akisema "mimi nilimwona" wewe sema "I saw him", usiseme "anasema alimwona", na ukiwa na jambo lako mwenyewe jiite mkalimani, "the interpreter asks for the question to be repeated". Usiogope kuomba. Jaji anaweza kukunja uso kidogo lakini atarudia, na yule aliyekaa kizimbani atakuwa amesikia kile kilichosemwa kweli.